JOSEPH WHITWORTH: FUNDI ALIYEIPA BUNDUKI MACHO

Askari yeyote aliyepata kulala kifudifudi kwenye uwanja wa shabaha anajua jambo hili. Bunduki kumi za aina moja zinaweza kulishwa risasi za sanduku moja, na kila bunduki ikaipokea risasi yake bila ugomvi. Risasi huteleza ndani ya chemba, bunduki ikafunga, na mlengaji akafikiri juu ya shabaha yake tu. Tumelizoea jambo hilo hata tunalidhani kuwa la kawaida kama jua kuchomoza. Lakini mwanzoni mwa karne ya 19 usahihi wa namna hiyo ulikuwa karibu haujulikani duniani. Kila bunduki ilikuwa kazi ya mkono wa fundi wake. Kila kipande kilikatwa kwa tupa mpaka kikakubali, na kipande cha bunduki moja hakikuweza kuhamia katika nyingine.

Leo ukurasa huu unawaletea wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wa jeshi na polisi, habari za maisha ya mtu mmoja miongoni mwa wale waliobadili hali hiyo. Jina lake ni Joseph Whitworth. Mafundi wetu wa karakana za reli na wa magari ya zamani ya Kiingereza wamelishika jina hilo mikononi mara nyingi, kwa kuwa limeandikwa juu ya spana zao. Ni wachache wanaojua kwamba mtu huyo huyo aliyeweka kipimo cha skrubu ndiye pia aliyetengeneza mtutu wa bunduki uliowashangaza majemadari, kisha ukakataliwa na serikali yake mwenyewe.

MTOTO WA MWALIMU

Whitworth alizaliwa tarehe 21 Desemba 1803 katika mji wa Stockport, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mwalimu, na baadaye akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake alifariki Joseph angali mtoto, na tangu hapo kijana huyo alilelewa katika mikono ya watu wengine. Alipofikia umri wa miaka 14 hivi alipelekwa kwa mjomba wake aliyekuwa na kiwanda cha kusokota pamba katika jimbo la Derbyshire. Mjomba alitumaini kwamba kijana angejifunza biashara na mwishowe kuurithi usimamizi.

Lakini kijana hakuvutwa na pamba. Alivutwa na mashine zilizoisokota. Katika miaka michache alikuwa amezijua zote, jinsi zinavyokwenda na jinsi zinavyoharibika, naye akaona kwamba zilikuwa zimetengenezwa ovyo. Magurudumu yalicheza kwenye ekseli zake, vyuma vilivyopaswa kulaliana vililaliana nusu tu, na nguvu nyingi ya mashine ilipotea bure. Akaondoka kwa mjomba wake, akaenda Manchester kufanya kazi ya mkono kama fundi wa kawaida.

Mwaka 1825 alioa, akaenda London na mkewe, Fanny. Huko aliajiriwa katika karakana ya Henry Maudslay, aliyekuwa fundi mashuhuri kuliko wote katika Uingereza ya wakati ule. Baadaye alifanya kazi pia kwa Joseph Clement, ambaye katika karakana yake ilikuwa ikitengenezwa mashine maarufu ya kukokotoa hesabu iliyobuniwa na Charles Babbage. Hapo Whitworth aliona kwa macho yake kwamba akili ya mvumbuzi inaweza kukimbia mbele sana, na chuma kikashindwa kuifuata kwa sababu mikono na vyombo vya mafundi havina usahihi wa kutosha.

USHAHIDI WA SAHANI TATU

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa ndogo kwa sura. Alitaka kutengeneza sahani ya chuma iliyonyooka kweli kweli. Mtu asiyejua ufundi ataona hilo kuwa jambo rahisi, lakini ndilo msingi wa ufundi wote wa mashine. Mashine ya kukereza hutegemea kitanda chake. Ikiwa kitanda kimepinda, kila kitu kinachokerezwa juu yake kitapinda, na mtutu wa bunduki utakaotobolewa hapo utakwenda upande.

Mafundi wa siku zile walizoea kusugua sahani mbili moja juu ya nyingine kwa unga wa msasa mpaka zikalaliana. Whitworth aliona kosa lao. Sahani mbili zinaweza kulaliana kabisa na bado zote mbili zikawa na ila, maana moja inaweza kuwa na bonde na ya pili ikawa na kilima kinacholijaza bonde hilo. Ndugu zetu wa polisi watalielewa jambo hili upesi. Mashahidi wawili waliokubaliana kusema uongo husema neno moja. Anapoletwa shahidi wa tatu ambaye hakuwamo katika mapatano, uongo hujitokeza wenyewe.

Basi Whitworth akachukua sahani tatu. Alipaka rangi nyekundu juu ya moja, akailaza juu ya nyingine, na pale rangi iliposhika palikuwa na kilima. Alikikwangua kidogo kidogo kwa kisu kigumu, wala hakutumia msasa. Kisha alizilinganisha zote tatu kwa zamu, ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza, mpaka zote zikakubaliana. Sahani tatu haziwezi kukubaliana hivyo isipokuwa zote zimenyooka. Inasimuliwa kwamba fundi mwenzake mkongwe, aliyefanya kazi karibu naye, hakuamini mpaka alipoziona na kuzigusa.

SKRUBU MOJA KWA NCHI NZIMA

Mwaka 1833 alirudi Manchester, akafungua karakana yake mwenyewe ya kutengeneza mashine. Mashine zake zilikuwa nzito na thabiti, kwa maana aliamini kwamba mashine inayotetemeka haiwezi kukata kwa kipimo.

Katika nchi nzima wakati ule hapakuwa na skrubu moja iliyokubaliwa. Kila karakana ilikata meno ya skrubu zake kwa namna yake. Bolti ikipotea, nati yake haikuwa na thamani tena, na mashine iliyoharibika ilisubiri fundi aliyeitengeneza. Whitworth alikusanya skrubu kutoka karakana nyingi, akazipima, akatafuta wastani wao. Mwaka 1841 alipendekeza mbele ya chama cha wahandisi kipimo kimoja kwa wote: meno ya skrubu yawe na pembe ya digrii 55, na kila unene wa bolti uwe na idadi yake maalumu ya meno kwa inchi. Kampuni za reli zilikipokea kipimo hicho kwanza, kisha karakana nyingine, na mwishowe kikaenea katika nchi zote zilizotumia mashine za Kiingereza, Afrika Mashariki ikiwamo.

Faida yake ilionekana wakati wa vita vya Crimea vilivyoanza mwaka 1853. Jeshi la majini la Uingereza lilihitaji kwa haraka injini 90 za mashua za mizinga. Mhandisi John Penn alizifungua injini alizokuwa nazo, akavigawa vipande vyake kwa karakana bora za nchi, kila karakana ikaombwa kutengeneza kipande chake mara 90. Vipande viliporudi, viliunganishwa vikakubali. Bila kipimo kimoja cha skrubu na bila vyombo vya kupimia vilivyoaminika, jambo hilo lisingewezekana.

Whitworth hakuishia hapo. Katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 alionyesha mashine ya kupimia iliyoweza kutambua tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi. Chuma kilichopimwa kiliwekwa kati ya ncha mbili pamoja na kipande kidogo chembamba cha feleji. Ncha zikikaza, kipande kilibaki kikining'inia; zikilegea kwa sehemu hiyo moja ya milioni, kilianguka. Joto la kidole tu lililogusa chuma lilitosha kukirefusha, na mashine ikalionyesha.

ANAITIWA BUNDUKI

Mwaka 1854 Lord Hardinge, aliyekuwa Mkuu wa majeshi ya Uingereza, alimtaka Whitworth abuni mashine za kutengeneza bunduki kwa wingi. Vita vilikuwa vikiendelea, na jeshi lilipungukiwa na silaha. Bunduki za wakati ule zilitengenezwa na mamia ya mafundi wa mikono, kila mmoja na kazi yake: huyu mtutu, yule kiwashio, mwingine kitako.

Whitworth alikuwa hajawahi kutengeneza bunduki. Alikwenda kwa mabingwa wa kazi hiyo, akawauliza kwa nini tundu la mtutu lina upana huu na si ule, na kwa nini michirizi ya ndani huzunguka kiasi hiki na si zaidi. Majibu hayakumridhisha. Kila mmoja alifuata desturi ya aliyemfundisha. Ndipo Whitworth akaijibu serikali kwamba hawezi kutengeneza mashine za kuzalisha maelfu ya mitutu kabla ya kujua mtutu ulio sahihi ni upi. Kuzidisha kosa kwa mashine si maendeleo.

Serikali ilikubali kulipa gharama za majaribio. Karibu na nyumba yake, nje ya Manchester, lilijengwa banda la kupigia shabaha lenye urefu wa yadi 500, yaani mita 457. Lilijengwa ili upepo usiingilie majaribio, lakini lilipokwisha tu dhoruba ililiangusha, ikabidi lijengwe upya. Mwezi Machi 1855 kazi ilianza. Ndani ya banda Whitworth alisimamisha karatasi nyembamba, moja nyuma ya nyingine, tangu bunduki hadi shabaha. Risasi ilipozitoboa zote aliweza kuona safari yake nzima: ilipanda wapi, ilishuka wapi, na kama ilikwenda kwa ncha au ilianza kuyumba na kupinduka.

MTUTU WENYE PEMBE SITA

Bunduki ya jeshi la Uingereza wakati huo ilikuwa Enfield ya mwaka 1853, iliyoshindiliwa kwa mdomoni. Tundu lake lilikuwa na upana wa inchi 0.577, na michirizi yake ilikamilisha mzunguko mmoja katika inchi 78. Mtutu wake ulitengenezwa kwa bamba la chuma lililokunjwa na kuunganishwa kwa moto.

Whitworth alijaribu mitutu ya misokoto mingi, tangu mzunguko mmoja kwa inchi 60 mpaka mzunguko mmoja kwa inchi moja. Alichokigundua kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Risasi nyembamba na ndefu huupasua upewa wa mbele yake kuliko risasi fupi na nene yenye uzito ule ule, kwa hiyo hufika mbali na hubaki na nguvu. Lakini risasi ndefu hupenda kupinduka njiani. Dawa yake ni kuizungusha kwa kasi kubwa zaidi, mfano wa pia ya watoto ambayo husimama wima kwa muda inaozunguka upesi. Ili izunguke upesi, michirizi lazima isokotwe zaidi. Hapo ndipo mafundi wa zamani walipokwama: msokoto ukizidi, risasi ya madini laini haishiki tena michirizi, bali hukwanguliwa na kupita moja kwa moja.

Whitworth aliondoa michirizi kabisa. Aliutoboa mtutu wake tundu la pembe sita lililosokotwa kwa urefu wake wote, mzunguko mmoja katika inchi 20. Upana wa tundu ulikuwa inchi 0.451. Risasi yenye pembe sita iliingia humo kama bolti inavyoingia katika nati yake, ikashikwa pande zote sita kutoka mwanzo hadi mwisho wa mtutu. Mtu wa skrubu alikuwa ameugeuza mtutu kuwa skrubu.

Kazi hiyo ilidai chuma cha namna nyingine. Bamba lililokunjwa na kuunganishwa lina mshono, na mshono ni mahali pa udhaifu. Whitworth alichagua chuma cha namna moja, kisicho na tabaka wala mshono, akautoboa mtutu kutoka katika nondo nzima. Mafundi wa silaha wanajua ugumu wake. Chuma kigumu hula makali ya keekee, hupata moto, na kikitobolewa kwa pupa hulipeleka tundu kombo. Yataka mashine isiyotikisika, makali yaliyonolewa vema, mafuta ya kutosha, mwendo wa polepole, na zaidi ya yote kipimo kila baada ya hatua.

Aprili 1857 bunduki hizo mbili zilishindanishwa katika chuo cha shabaha cha Hythe. Risasi zao zilikuwa na uzito mmoja, grini 530, karibu gramu 34. Katika masafa ya yadi 500, risasi za Enfield zilitawanyika kwa wastani wa inchi 27 kutoka kati. Za Whitworth, inchi nne na nusu tu. Katika yadi 1,100, Enfield ilikosa kwa wastani wa futi nane, na Whitworth kwa futi mbili na nusu na kidogo. Walipozidi kurudi nyuma, ilifika mahali Enfield ikashindwa kabisa, na Whitworth ikaendelea kupiga. Katika jaribio la nguvu, risasi ngumu ya Whitworth ilitoboa mbao 33 za nusu inchi, na ile ya Enfield haikuupita ubao wa 13.

KUKATALIWA

Msomaji angetazamia kwamba baada ya matokeo hayo jeshi lingeiandikia bunduki hiyo mara moja. Halikufanya hivyo. Wakuu walisema tundu lake ni dogo mno, na masizi ya baruti yakishika ndani huwa vigumu kuushindilia. Walisema pia kwamba bei yake ilikuwa karibu mara nne ya bei ya Enfield.

Whitworth alikasirika sana. Alikuwa mtu mwenye msimamo mkali, asiyejua kubembeleza, na aliyeamini kwamba kipimo kikishasema, binadamu hana budi kunyamaza. Alishindana kwa miaka na kamati za serikali, na pia na mshindani wake mkubwa wa mizinga, William Armstrong. Lakini sisi tulio askari hatuna budi kuwatendea haki wale waliomkataa. Banda la Manchester halikuwa na matope. Ndani yake mlengaji hakuwa na njaa, hakutetemeka kwa baridi, wala hakulazimika kushindilia risasi ya thelathini huku adui akimkaribia. Bunduki inayopiga vizuri kuliko zote lakini inayogoma katikati ya mapigano si bunduki bora ya vita. Katika hoja ya usahihi Whitworth alishinda. Katika hoja ya askari wa mstari wa mbele, wakuu walikuwa na neno la kusema.

Heshima haikumkosa hata hivyo. Tarehe 2 Julai 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya kitaifa ya shabaha huko Wimbledon. Bunduki ya Whitworth ilifungwa imara juu ya kitegemeo cha chuma, Malkia akavuta uzi, na risasi ikapiga umbali wa yadi 400, karibu inchi moja na nusu tu kutoka kitovu cha shabaha. Na katika miaka ya 1860 kamati za jeshi zenyewe zilikuja kukiri kwamba tundu dogo la inchi 0.45 hivi ndilo bora. Maelfu kadhaa ya bunduki za Whitworth zilitolewa kwa vikosi kujaribiwa. Lakini wakati ulikuwa umekwisha kupita. Bunduki za kulishwa kwa nyuma zilikuwa zimefika, na kila bunduki ya kushindiliwa mdomoni, hata iwe sahihi namna gani, ikawa ya zamani. Martini-Henry iliyopokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1871, na ambayo wazee wetu wa Afrika Mashariki waliijua sana mwishoni mwa karne hiyo, ilikuwa na tundu la inchi 0.45, risasi ndefu na nzito, na mzunguko mmoja kwa inchi 22. Jina la Whitworth halikuwamo, lakini hesabu yake ilikuwamo.

RISASI HAIULIZI HAKI

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani. Majimbo ya Kusini yalipigania kubaki na watumwa, ambao walikuwa Waafrika na wana wa Waafrika. Kusini hakukuwa na viwanda vingi, nako kulinunua silaha Ulaya na kuziingiza kwa siri kupitia meli zilizokwepa kizuizi cha bahari. Miongoni mwake zilikuwamo bunduki za Whitworth, nyingine zikiwa na darubini ubavuni. Zilikuwa chache, wakapewa walenga shabaha hodari tu, nao waliagizwa kuwapiga maafisa na wapiga mizinga wa upande wa Kaskazini.

Tarehe 9 Mei 1864, huko Spotsylvania katika jimbo la Virginia, Jenerali John Sedgwick wa Kaskazini aliwaona askari wake wakiinama kila risasi ilipopita. Aliwatania na kuwakaripia, akiona kwamba kwa umbali ule adui hawezi kupiga hata mnyama mkubwa kama tembo. Punde risasi ilimpiga chini ya jicho la kushoto, akafa. Wengi huamini kwamba ilitoka katika bunduki ya Whitworth. Funzo la kijeshi ni wazi: kamanda asiyejua uwezo wa silaha za adui hulipa kwa maisha yake.

Lakini liko funzo jingine. Manchester, mji wa Whitworth, uliishi kwa pamba iliyotoka kwa mikono ya watumwa wa Kusini. Vita vilipoizuia pamba, viwanda vilifungwa na wafanyakazi wakalala njaa. Hata hivyo, tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi wa Manchester walikutana katika mkutano mkubwa, wakatangaza kwamba wanamuunga mkono Rais Abraham Lincoln na kukomeshwa kwa utumwa, ijapokuwa matumbo yao yalikuwa matupu. Kwa hiyo mji ule ule ulitoa vitu viwili: mtutu uliowatumikia wenye watumwa, na sauti iliyowatetea watumwa. Fundi anaweza kujua risasi yake itapiga wapi; hawezi kujua itapigwa kwa ajili ya nani. Hilo si la mtutu kuamua. Ni la yule anayeushika na yule anayemwamuru.

FELEJI ILIYOSHINDILIWA

Alipoingia katika kutengeneza mizinga, Whitworth alikutana na adui mgumu kuliko kamati zote, naye ni feleji yenyewe. Feleji ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, na ingefaa kuzuia nguvu ya baruti. Lakini ilipomiminwa katika kalibu ikiwa maji ya moto, hewa ilinaswa ndani na kuacha vitundu. Kwa nje pande la feleji lilionekana zima. Kwa ndani lilikuwa kama mkate. Likichongwa mtutu wa mzinga, vitundu hivyo vilisubiri siku yao. Siku hiyo mzinga ulipasuka, na waliokufa hawakuwa maadui bali wapiga mzinga wenyewe. Kuifanya feleji iwe ngumu zaidi hakukusaidia, maana iliyo ngumu mno huvunjika ghafla kama kigae bila kutoa onyo. Ilihitajika feleji inayovutika kidogo kabla ya kukatika, tena isiyo na kitundu hata kimoja.

Tangu mwaka 1865 Whitworth alifanyia kazi jibu lake: kuishindilia feleji ingali maji. Aliimimina katika kalibu imara, kisha akaikandamiza kwa mashine kubwa ya nguvu ya maji, tani kadhaa juu ya kila inchi moja ya mraba. Hewa ilikimbia, na pande la feleji lilifupika inchi moja na nusu kwa kila futi ya urefu wake. Upungufu huo ulikuwa ni ule utupu uliokuwa ukiwaua watu. Baadaye, badala ya kulifua pande hilo kwa nyundo, alilifinyanga kwa shinikizo hilo hilo. Nyundo hupiga ngozi ya chuma. Shinikizo la polepole hufika moyoni.

Feleji hiyo ilipata sifa kila mahali. Watengenezaji mashuhuri wa bunduki za kuwindia mjini London, akina Purdey, waliitumia kwa mitutu yao badala ya mitutu ya zamani iliyosokotwa kwa nyuzi za chuma. Mwaka 1887 kiwanda kikubwa cha Bethlehem huko Marekani kilinunua mitambo ya namna hiyo.

MWISHO WAKE NA URITHI

Whitworth alipata utajiri na heshima. Mwaka 1868 Ufaransa ilimpa nishani, na mwaka 1869 alipewa cheo cha ubaroneti na serikali yake. Lakini alikumbuka kwamba aliingia London akiwa fundi wa mikono. Mwaka 1868 aliweka fedha za kutosha kutoa misaada 30 ya masomo, kila mmoja paundi 100 kwa mwaka, kwa vijana waliojua nadharia na pia kazi ya mikono. Kijana aliyejua hesabu lakini hawezi kushika tupa hakufaa. Wala hakufaa aliyeshika tupa asijue hesabu. Mwaka 1874 alipoigeuza karakana yake kuwa kampuni, aliwapa wafanyakazi wake nafasi ya kununua hisa.

Alifariki tarehe 22 Januari 1887 huko Monte Carlo, akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa Darley Dale katika Derbyshire, jimbo lile lile alikoanza kazi kwa mjomba wake. Hakuacha mtoto. Miaka kumi baadaye kampuni yake iliunganishwa na ya Armstrong, yule hasimu wake wa miaka mingi, na majina yao mawili yakaandikwa juu ya mlango mmoja.

Mtutu wa pembe sita ulionekana kuwa umekufa pamoja naye, lakini wazo lake lilirudi. Bastola za Glock, ambazo polisi wa nchi nyingi huzitumia, zilianza katika miaka ya 1980 zikiwa na mitutu isiyo na michirizi mikali, bali tundu lenye pande zilizosokotwa. Na jambo lake kubwa zaidi liko katika kila ghala la silaha. Fundi wa silaha anapokagua chemba hutumia vipimo viwili: kimoja bunduki lazima ifunge juu yake, na cha pili lazima isifunge. Kikipita kile kisichopaswa kupita, chemba imelegea, ganda linaweza kupasuka, na gesi ya moto ikamrudia mpigaji usoni. Tofauti kati ya vipimo hivyo ni ndogo sana. Whitworth ndiye aliyewafundisha mafundi kuamini kipimo cha namna hiyo kuliko jicho, na kuliko desturi ya aliyewafundisha.

Basi, ndugu askari, fundi wa silaha anapoikataa bunduki ambayo kwa macho yako ni nzima, usimnung'unikie. Amemwita shahidi wa tatu.